Profesa Tolkien, Mtunzi wa Hadithi za Majoka

Mzazi mmoja wa wilaya ya Rungwe, mkaaji wa kijiji kisicho mbali na mji wa Tukuyu, amemwandikia mhariri barua. Mwanawe wa kidato cha pili alirudi nyumbani wakati wa likizo akiwa na kitabu kinene cha Kiingereza alichoazimwa na mwenzake wa shule. Juu ya jalada pamechorwa joka lililolalia lundo la dhahabu. Jioni moja, mvua ikinyesha kama inyeshavyo Tukuyu sehemu kubwa ya mwaka, kijana aliketi jikoni akawasimulia wadogo zake habari za kitabu hicho, akasema kwamba ndani yake yumo mchawi mwema. Neno hilo lilimfikia bibi yake, likatoka kwa bibi likafika kwa majirani. Na Jumapili iliyofuata baba wa kijana alipewa mashauri mawili. Jirani wa madhehebu mengine alimhimiza akitie kitabu motoni upesi, kabla hakijaleta pepo nyumbani. Mkatoliki mwenzake alimhakikishia kwamba vitabu vya namna ile vimekwisha kukatazwa na Roma. Mzazi huyu hakufuata shauri hili wala lile. Amekifungia kitabu sandukuni, naye anatuuliza afanye nini, maana shule zinakaribia kufunguliwa na mwenye kitabu atakitaka.

Kitabu chenyewe ni The Hobbit, na aliyekitunga ni John Ronald Reuel Tolkien, profesa wa lugha katika chuo kikuu cha Oxford, Mkatoliki, aliyefariki dunia mwaka wa 1973. Wazazi wengine wengi nchini wamo katika mashaka hayo hayo, hasa tangu sinema zilizofanywa kutokana na vitabu vyake zilipoanza kuingia majumbani mwetu. Basi nimeona vema kuwasimulieni maisha ya mtu huyu, ndipo tumjibu ndugu yetu wa Tukuyu.

Lakini kwanza nawaomba wasomaji wa mikoa mingine wasiicheke hofu yake. Katika miaka ya 1930 wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi kati ya Wanyakyusa wakaandika mila zao. Waliyoyaandika yanajulikana na kila mzee wa Rungwe: kwamba walozi huaminiwa kuwa na chatu tumboni, hutoka usiku kuwadhuru watu na ng'ombe, na kwamba zamani maiti ya mtu aliyeshukiwa ilipasuliwa ili itazamwe kama chatu wamo. Tena waliaminiwa kuwapo watetezi wa kijiji, abamanga, walioweza kuwaona walozi na kupigana nao usiku, kwa nguvu ile ile ya chatu. Wasomaji walikumbuke jambo hilo la nguvu ile ile, tutalirudia. Isitoshe, katika nchi yetu wamekwisha kuuawa vikongwe wengi, mama zetu wasio na hatia, kwa sababu tu mtu fulani aliwaita wachawi. Kwa hiyo neno mchawi kwetu si neno la kuchezea. Mtoto anaposema jikoni kwamba amesoma habari za mchawi mwema, ni kama kusema amesoma habari za muuaji mwema.

Hapo pana kosa la tafsiri, na Profesa Tolkien, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuchungua mizizi ya maneno, angekuwa wa kwanza kulionyesha. Neno la Kiingereza analoitwa mzee Gandalf katika kitabu kile limetokana na neno lenye maana ya hekima. Mzee huyo mwenye ndevu na fimbo, kama mtunzi mwenyewe alivyoeleza baadaye, si binadamu aliyejifunza uchawi. Ni roho aliyetumwa duniani katika umbo la mzee, awatie watu moyo wampinge mwovu bila ya kuwatawala. Kumwita mchawi ni kumsingizia. Kijana wetu alitafuta neno katika kamusi, akapata lile lililokuwamo.

Tolkien alizaliwa katika bara letu la Afrika, tarehe 3 Januari 1892, mjini Bloemfontein, nchi iliyoitwa wakati ule Dola Huru ya Orange, ambayo leo ni sehemu ya Afrika Kusini. Baba yake, Arthur, alikuwa meneja wa benki. Kumbukumbu za utoto alizobaki nazo ni chache: jua kali, nyasi ndefu, na buibui mkubwa aliyemwuma alipokuwa anaanza kutembea, yaya akaiwahi sumu kwa kuinyonya. Inasimuliwa pia kwamba mtumishi mmoja Mwafrika, jina lake Isaak, siku moja alimchukua mtoto yule bila ya ruhusa, akaenda naye mpaka kwao kuwaonyesha jamaa zake mtoto mweupe. Nyumba nzima ilishikwa na hofu. Mtoto akarudishwa salama, na Isaak akampa mwanawe mwenyewe jina la Tolkien kuwa moja ya majina yake.

Joto la nchi ile halikumfaa mtoto. Mwaka wa 1895 mama yake, Mabel, alimchukua yeye na mdogo wake Hilary kwenda Uingereza kupumzika. Baba abaki kazini, awafuate baadaye. Hakuwafuata. Mwezi wa Februari mwaka wa 1896 alikufa kwa maradhi kule Bloemfontein, mkewe akabaki mjane na watoto wawili wadogo na mapato haba.

Juu ya mama huyu yanipasa niseme zaidi, maana asiyemjua Mabel hawezi kumwelewa mwanawe. Alikodi nyumba ndogo shambani, penye kinu cha maji, karibu na mji wa Birmingham, akawafundisha wanawe yeye mwenyewe kusoma, kuchora, na lugha ya Kilatini. Mwaka wa 1900 akaingia Kanisa Katoliki. Siku hizi jambo hilo laweza kuonekana dogo. Kwa jamaa zake, waliokuwa Waprotestanti, lilikuwa aibu isiyosameheka. Baba yake alighadhibika; shemeji yake, aliyekuwa akimsaidia kwa fedha, akazikata; na watu wa upande wa mumewe, waliokuwa Wabatisti, nao hawakupendezwa. Mabel hakurudi nyuma. Aliendelea kuwalea wanawe katika imani ile kwa umaskini, huku mwili wake ukidhoofika kwa ugonjwa wa kisukari. Insulini ilikuwa haijagunduliwa bado. Ilipatikana miaka ya 1921 na 1922. Tarehe 14 Novemba 1904 akafariki, ana umri wa miaka 34. Mwanawe mkubwa alikuwa na miaka 12. Maisha yake yote alimhesabu mama yake kuwa mfiadini, na hakuona aibu kuliandika neno hilo katika barua zake.

Kabla hajafa, Mabel aliwakabidhi watoto kwa padre, si kwa ndugu, kwa kuogopa wasije wakaondolewa katika dini. Padre huyo ni Francis Morgan, mwenye asili ya Kiwelsh na ya Kihispania, wa nyumba ya Oratorio ya Birmingham iliyoanzishwa na Kardinali Newman, ambaye tangu mwaka wa 2019 twamwita Mtakatifu. Padre Francis alikuwa mtu wa kelele na kicheko, mwenye kiko mdomoni. Alikuwa na fedha kidogo za kwao, akazitumia kuwasomesha yatima wale na kamwe hakuzitaja. Kila asubuhi wavulana walimtumikia Misa, wakapata chai kwa mapadre, ndipo wakaenda shuleni.

Usiku walilala nyumbani kwa shangazi mmoja wa ukoo, mjane. Siku moja Ronald, kama alivyoitwa nyumbani, aliingia jikoni akaona majivu mengi mekoni. Shangazi alikuwa amezichoma barua zote na karatasi zote za marehemu Mabel. Hakufanya kwa uovu. Hakufikiri tu kwamba watoto wangezitaka. Mtu aliyetazama majivu yale akiwa mtoto baadaye alitumia miaka yake kutunga na kutunza maandishi, na mwanawe Christopher akatumia yake kuyakusanya, hata karatasi iliyochanika.

Alipokuwa na miaka 16 Ronald alimpenda msichana mmoja yatima, Edith Bratt, aliyemzidi kwa miaka mitatu, wala si Mkatoliki. Padre Francis alipojua, alimkataza kuonana naye wala kumwandikia mpaka atimize miaka 21. Wapo vijana watakaosoma habari hii wakatikisa kichwa. Hata mimi nadhani padre alikuwa mkali kupita kiasi. Lakini kijana alitii, kwa muda wa karibu miaka mitatu, kwa sababu alimwona padre kuwa baba. Usiku ule alipotimiza miaka 21, mwezi wa Januari mwaka wa 1913, aliketi akamwandikia Edith. Edith alikuwa amekwisha kuchumbiwa na mwingine. Akairudisha pete ya uchumba. Mwaka uliofuata akapokewa katika Kanisa Katoliki, na mzee aliyekuwa akimpa mahali pa kukaa akamfukuza nyumbani kwa sababu hiyo. Walifunga ndoa tarehe 22 Machi 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza.

Miezi michache baadaye bwana arusi alikuwa Ufaransa, afisa mdogo wa jeshi katika mapigano ya mto Somme. Siku ya kwanza ya mapigano hayo, tarehe 1 Julai 1916, Waingereza waliopata kufa ni zaidi ya 19,000. Kati yao alikuwamo Rob Gilson, rafiki wa Tolkien tangu shuleni. Rafiki mwingine, G. B. Smith, akafa Desemba. Tolkien mwenyewe aliokolewa na chawa, kama naruhusiwa kusema hivyo, maana homa iletwayo na chawa wa mahandakini ilimfanya arudishwe hospitalini Uingereza kabla ya mwisho wa mwaka. Hapo, kitandani na kambini, ndipo alipoanza kuandika hadithi zake za kale za kubuniwa. Kwa hiyo wanaosema kwamba mazimwi yake ni mchezo wa mtu aliyeshiba asiyeyajua mabaya ya dunia, nawaomba waangalie tarehe.

Baada ya vita alifundisha chuo kikuu cha Leeds, na tangu mwaka wa 1925 akawa profesa huko Oxford, akifundisha Kiingereza cha kale. Mungu aliwajalia watoto wanne: John, Michael, Christopher na Priscilla. Kila Krismasi, kuanzia mwaka wa 1920, watoto walipokea barua yenye picha na mwandiko wa kutetemeka, yenye stempu ya nchi ya theluji, iliyosemekana imetoka kwa Baba Krismasi. Baba yao alizitunga na kuzichora kwa zaidi ya miaka 20, naye alikuwa mtu mwenye madeni ya daktari na rundo la mitihani ya kusahihisha. Ilikuwa katika kusahihisha mitihani kama hiyo, ili kuongeza pato la nyumba, alipokuta karatasi tupu mwanafunzi aliyoiacha bila jibu. Akaandika juu yake sentensi moja kuhusu kiumbe mfupi akaaye shimoni. Kutoka karatasi ile kikatoka The Hobbit, kilichochapwa mwezi wa Septemba mwaka wa 1937. Mwenye kampuni ya uchapaji alimpa mwanawe wa miaka kumi muswada ausome na kutoa maoni, kwa ujira wa shilingi moja ya Kiingereza. Mtoto alikisifu, kitabu kikapita.

Hadithi yenyewe si ngumu. Bilbo, mtu mfupi apendaye chakula na starehe, anachukuliwa na mzee Gandalf pamoja na mbilikimo 13 kwenda kulitafuta lundo la dhahabu lililoporwa na joka. Kuna buibui wakubwa mle, ambao Tolkien aliwatia makusudi kumtisha mwanawe Michael, aliyewachukia buibui kuliko kitu chochote. Wasomaji wa Rungwe wataona kwamba hadithi hiyo si geni sana kwao, kwani nani huko hajasikia kwamba Wadachi walizamisha hazina katika Ziwa Ngosi, na kwamba hazina hiyo ina walinzi wasioonekana? Katika kitabu, joka linakufa kabla hadithi haijaisha, na ndipo taabu kubwa inapoanza: wanadamu, mbilikimo na wengineo wanakaribia kuuana kwa ajili ya dhahabu, na Bilbo anaona afadhali atoe sehemu yake, iliyo bora kuliko zote, ili wapatane.

Huko Oxford Tolkien alikuwa na rafiki mwalimu mwenzake, C. S. Lewis, asiyemwamini Kristu. Usiku mmoja wa Septemba mwaka wa 1931 walitembea pamoja na rafiki wa tatu, Hugo Dyson, katika bustani ya chuo, wakajadiliana hata saa tisa ya usiku. Lewis alisema kwamba hadithi za kale za miungu inayokufa na kufufuka ni uwongo, hata kama ni uwongo mtamu. Tolkien alimjibu kwamba mwanadamu hutunga kwa sababu ameumbwa kwa mfano wa Muumbaji, kwamba katika hadithi zake zimo cheche za nuru ya kweli, na kwamba habari ya Kristu ni hadithi ya namna hiyo iliyotokea kweli, mahali panapojulikana, wakati unaojulikana. Siku chache baadaye Lewis aliamini. Hakuwa Mkatoliki, jambo lililomhuzunisha rafiki yake, bali alikuwa Mkristu aliyewaleta wengi. Baadaye naye alitunga vitabu saba vya watoto juu ya nchi ya Narnia, ambavyo Tolkien, niseme ukweli, hakuvipenda.

Mawazo hayo aliyaeleza tena mwaka wa 1939 katika hotuba huko St Andrews, Uskoti, juu ya hadithi za ajabu. Alisema kwamba tunda kubwa la hadithi hizo ni furaha ya ghafla, wakati mambo yamekwisha kuharibika na wokovu ukaja bila kutazamiwa. Na kwamba Injili ndiyo yenye furaha hiyo kwa utimilifu. Mtu hawezi kumwita mwenye fundisho kama hilo adui wa dini.

Mwaka uliotangulia hotuba ile kulitokea jambo dogo ambalo lanipendeza. Wachapaji wa Ujerumani walitaka kukitoa The Hobbit kwa Kijerumani, nao, kwa kufuata sheria za Hitler, wakamtaka mtunzi aeleze kama hana damu ya Kiyahudi. Ilikuwa fedha, na nyumba yake ilihitaji fedha. Tolkien aliandika kwamba hana bahati ya kuwa na mababu kutoka taifa lile lenye vipaji. Tafsiri ya Kijerumani haikutoka mpaka vita vilipokwisha.

Kitabu chake kikubwa, The Lord of the Rings, yaani Bwana wa Pete, kilimchukua miaka 12 kukiandika, kikatoka kwa sehemu tatu miaka ya 1954 na 1955. Habari yake ni ya pete iliyofanywa na mwovu ili atawale nia za watu wote. Inaangukia mikononi mwa kijana mnyonge, Frodo, naye apaswa kuipeleka mpaka mlima wa moto ilikofuliwa, aitupe humo. Hapa ndipo niwakumbushe wasomaji wale watetezi wa kijiji waliodhaniwa kuwashinda walozi kwa chatu zao wenyewe. Katika kitabu kizima swali ni hilo hilo: je, nguvu ya mwovu yaweza kutumiwa kwa wema, kuwalinda watu wetu? Gandalf anapewa pete bure, anaikataa kwa hofu, kwa sababu anajua kwamba angeanza kwa huruma na kumaliza kwa kuwa mwovu mwingine. Shujaa mmoja anayefikiri kwamba angeitumia kuitetea nchi yake anaangamia kwa wazo hilo. Mkristu anayekwenda usiku kwa mganga kutafuta kinga, akijisingizia kwamba kinga si uchawi, angefaidika kukisoma kitabu hicho kuliko mahubiri yangu kadhaa.

Wala Frodo hashindi kwa nguvu zake. Mwishoni, juu ya mlima, anashindwa kuitupa pete, anaitaka iwe yake. Kinachoiokoa dunia ni huruma ambayo Bilbo, na Frodo baada yake, walimwonea kiumbe mmoja duni aliyestahili kuuawa. Tolkien mwenyewe aliandika kwamba alipofikia mahali pale alikuwa akifikiri juu ya maneno ya mwisho ya sala ya Baba Yetu. Tena pete inaharibiwa tarehe 25 Machi, siku ambayo Kanisa huadhimisha Kupashwa Habari Bikira Maria. Hamna kanisa wala padre katika hadithi hiyo. Padre Robert Murray, Myezuiti rafiki wa nyumba yake, alimwandikia kwamba hata hivyo ameiona neema ndani yake, na Tolkien akamjibu kwamba kazi ile ni ya Kikatoliki katika shina lake: mwanzoni bila ya yeye kujua, baadaye katika kuisahihisha akijua.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Haukuanzia kwa Tolkien. Mwaka wa 1997 kilitoka Uingereza kitabu cha kwanza cha Harry Potter, cha Bibi J. K. Rowling, juu ya mtoto asomeshwaye katika shule ya uchawi, na Wakristu wakagawanyika. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2001 kundi la Waprotestanti huko Alamogordo, Marekani, lilivichoma moto hadharani. Mwaka wa 2019 mapadre wetu wenyewe wa Gdańsk, Poland, walichoma vitabu hivyo pamoja na vinyago, kisha padre mhusika akaomba radhi. Mwaka wa 2003 Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa XVI, alimwandikia mwandishi wa Kijerumani Gabriele Kuby kumshukuru kwa kitabu chake kilichovikosoa, akakubaliana naye kwamba vishawishi vya siri vyaweza kuipotosha imani ya watoto kabla haijakomaa. Mwaka huo huo, huko huko Roma, Padre Peter Fleetwood aliwaambia waandishi wa habari kwamba haoni ubaya katika hadithi hizo. Basi yule Mkatoliki wa Tukuyu aliyesema kwamba Roma imekataza, nadhani alisikia nusu ya habari ya barua ile. Barua ya shukrani si amri ya Kanisa, tena haikumhusu Tolkien. Orodha ya vitabu vilivyokatazwa iliondolewa nguvu ya sheria mwaka wa 1966, Tolkien akiwa hai, naye hakuwamo ndani yake.

Juu ya Harry Potter sitoi hukumu leo. Wasiwasi wa Kardinali si wa kupuuzwa, na kuna watoto ambao ningewaambia wangoje. Kanisa lafundisha wazi kwamba uchawi na ramli ni dhambi dhidi ya amri ya kwanza. Lakini kitabu kinachosimulia joka hakimfundishi mtoto kupiga ramli, kama vile babu zetu walipotusimulia habari za zimwi lililomeza kijiji hawakutufundisha kula watu. Vinavyonitisha mimi ni vile vijitabu na matangazo ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme karibu na vituo vya mabasi, yanayomwahidi msomaji mali, mke na kisasi. Hayo hakuna anayeyachoma.

Tolkien aliishi miaka yake ya mwisho kama mzee wa kawaida wa parokia. Kwa miaka mingi alijitahidi kuhudhuria Misa kila siku. Katika barua kwa mwanawe Michael aliitaja Ekaristi Takatifu kuwa kitu kimoja kikubwa cha kupendwa duniani. Alishiriki kutafsiri Biblia ya Yerusalemu ya Kiingereza iliyotoka mwaka wa 1966. Sehemu aliyopewa ni kitabu cha Yona, na sishangai kwamba mtunzi wa majoka alipewa nabii aliyemezwa na samaki. Misa ilipoanza kusomwa kwa Kiingereza aliona uchungu, akawa anaitikia kwa Kilatini, kwa sauti kubwa, mpaka mjukuu wake akaona haya. Mwanawe wa kwanza, John, alikuwa padre tangu mwaka wa 1946.

Edith alifariki mwezi wa Novemba mwaka wa 1971. Mumewe alimfuata tarehe 2 Septemba 1973, mjini Bournemouth, ana umri wa miaka 81. Misa ya wafu ilisomwa katika kanisa la Mtakatifu Antoni wa Padua huko Headington, Oxford, na aliyeiadhimisha ni Padre John, mwana akimzika baba. Wamelala pamoja katika makaburi ya Wolvercote, upande wa Wakatoliki.

Ndugu yetu wa Tukuyu, kitoe kitabu sandukuni. Kabla hujamrudishia kijana, mwombe akusimulie hadithi yote, wewe na bibi yake mkiwa mmeketi, kwa Kinyakyusa kama mpendavyo, na umsaidie kumtafutia mzee Gandalf jina lingine. Ukiona ndani yake neno linalokusumbua, tuandikie tena. Ila uhakikishe kitabu kimerudi kwa mwenyewe siku ya kufungua shule, maana ni cha kuazima.